Eropleni Ndogo na Upepo Usiotulia: Kazi ya Rubani Juu, na Kazi Yetu Chini



Mara kwa mara eropleni ndogo hushuka katika viwanja vya nchi yetu. Moja huja kumchukua mgonjwa. Nyingine huja kwa kazi ya nzige, au kwa ajili ya wale ndege wadogo wanaomaliza mtama. Nyingine ni ya walinzi wa wanyama wa porini upande wa Tsavo. Kila ikija, watu hukusanyika kuitazama.

Mara nyingine watu huona jambo la kuwashangaza. Eropleni inashuka vizuri, inakaribia kabisa kugusa ardhi, kisha ghafula inanguruma na kupanda tena juu. Hapo manung'uniko huanza. Huyu husema, "Rubani ameogopa." Yule husema, "Ametudharau. Amekwenda zake, na mama yetu mgonjwa bado amelala hapa chini ya mti."

Makala haya yanaeleza kwa nini rubani hufanya hivyo. Sisi wa ofisi ya kilimo si marubani. Lakini upepo ni jambo la mkulima tangu zamani: ndio unaopepeta mtama wake, ndio unaolaza mahindi yake, na ndio unaochukua udongo wa shamba lisilo na matuta. Mtu ajuaye upepo wa shamba lake hatashindwa kuelewa shida ya rubani.

Shikeni jambo hili moja tangu mwanzo. Ili atue salama katika upepo unaogeuka-geuka, rubani anahitaji vitu vitatu: mwendo wa kutosha, nafasi ya kutosha, na uhuru wa kupanda tena asiporidhika. Mwendo uko mikononi mwake. Nafasi iko mikononi mwetu sisi wenye kiwanja. Na uhuru wa kupanda tena unahitaji subira ya watu wote.

ZAMANI NA SASA

Eropleni ndogo si kitu kigeni Ukambani. Katika miaka ya 1930 Bibi Beryl Markham alikuwa akirusha eropleni ndogo upande wa Makindu na Mto Athi kuwatafuta tembo kwa ajili ya wawindaji, na kutua katika nafasi ndogo zilizofyekwa porini. Mwaka 1936 bibi huyo huyo alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Kanada.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Michael Wood, ambaye alikuwa rubani pia, pamoja na wenzake Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha kazi ya Madaktari wa Eropleni, ambayo leo yajulikana kwa jina la AMREF. Mwaka 1962 nchi za Afrika Mashariki ziliunda shirika lao la kupigana na nzige wa jangwani. Na mwanzoni mwa mwaka 2020, nzige walipoingia Kenya kwa wingi usioonekana kwa muda wa miaka 70, na kufika hata Kitui, watu wengi waliona wenyewe faida ya eropleni inayoweza kushuka mahali pasipo na lami.

Kazi hizi zote zategemea jambo moja: kwamba eropleni iweze kutua. Daktari aliye hewani bado hajamsaidia mgonjwa.

MABAWA HAYAJUI ARDHI

Eropleni hushikiliwa hewani na mabawa yake, na mabawa huinua kwa sababu hewa inapita juu yake na chini yake kwa mwendo. Mwendo huo ukipungua kuliko kiasi chake, mabawa huacha kuinua na eropleni huanguka. Angalieni vizuri: kinachohesabiwa ni mwendo wa hewa juu ya bawa, siyo mwendo wa magurudumu juu ya ardhi.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme eropleni fulani huacha kuinuliwa mwendo wake hewani ukiwa chini ya kilomita 85 kwa saa. Rubani hataikaribia ardhi kwa mwendo wa 85, kwa maana hatakuwa na akiba yo yote. Huongeza karibu theluthi moja, na kuja kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa.

Sasa tuseme upepo unavuma kilomita 30 kwa saa. Rubani akitua kwa kuukabili upepo, upepo wenyewe unampa sehemu ya mwendo anaouhitaji. Mabawa yanapata 110, lakini magurudumu yanagusa ardhi kwa mwendo wa 80 tu. Akitua huku upepo ukimsukuma kwa nyuma, mabawa yanapata 110 ile ile, lakini magurudumu yanagusa ardhi kwa mwendo wa 140.

Je, tofauti hii ni kubwa? Ni kubwa mno. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama huongezeka mara nne. Eropleni inayogusa ardhi kwa 140 inahitaji karibu mara tatu ya nafasi inayohitajiwa na ile inayogusa kwa 80. Kiwanja kilichotosha asubuhi kitakuwa kifupi alasiri ikiwa upepo umegeuka. Kitabu cha eropleni ya Cessna 172, inayojulikana dunia nzima, chasema hivi: kila kilomita 17 za upepo wa mbele hupunguza nafasi ya kutua kwa sehemu 10 katika 100, lakini kila kilomita 4 tu za upepo wa nyuma huongeza nafasi hiyo kwa sehemu 10 katika 100. Basi upepo wa mbele hutoa faida kidogo, na upepo wa nyuma huleta hasara nyingi.

Ndiyo sababu rubani huzunguka juu ya kiwanja kabla ya kushuka. Hazunguki ili watu wamtazame. Anatafuta upepo unatoka wapi.

KWA NINI UPEPO WETU HAUTULII

Wazee wanajua kwamba nchi yetu ina upepo wa majira mawili. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki kuanzia karibu Novemba mpaka Machi. Kusi hutoka kusini mashariki katikati ya mwaka, nao huvuma sana katika kiangazi kirefu cha Julai, Agosti na Septemba. Kama mambo yangeishia hapo, rubani angekuwa na kazi nyepesi. Lakini upepo wa majira hukutana na mambo manne ambayo huuvuruga.

La kwanza ni jua. Kipande cha shamba jekundu lililolimwa hupata moto upesi, na hewa iliyo juu yake hupanda. Mahali penye miti, au mchanga wenye maji wa mto, hubaki na ubaridi, na hapo hewa hushuka. Eropleni inayopita juu ya shamba lililolimwa huinuliwa, na baada ya muda mfupi ikipita juu ya mto huvutwa chini. Rubani aliyelenga mwanzo wa kiwanja hujikuta mara yuko juu mno, mara yuko chini mno. Kazi hii ya jua huanza asubuhi jua likipanda, na huzidi nguvu kutoka saa sita mpaka saa kumi. Vile visulisuli vya vumbi mnavyoviona vikikimbia shambani saa nane za mchana ni watoto wa jua hilo. Kisulisuli kimoja kina upepo wa pande zote: eropleni ikikipita karibu na ardhi, kwanza hupata upepo wa mbele, na kwa dakika ile ile hupata upepo wa nyuma.

La pili ni vilima. Mmeona maji ya mto yakipita juu ya jiwe kubwa. Mbele ya jiwe maji hupanda kwa utulivu, lakini nyuma yake huanguka, hugeuka na kurudi nyuma. Hewa hufanya vivyo hivyo. Ukuta wa Yatta, ambao una urefu wa karibu kilomita 290, ni jiwe la namna hiyo: kaskazi huuvuka na kuporomoka upande wa Mto Athi. Vilima vya Kitui na vya Mbooni huleta mambo hayo hayo. Kiwanja kilicho upande wa nyuma wa kilima chaweza kuwa na upepo unaoshuka, hata ukamsukuma rubani chini pale pale anapotaka kubaki juu.

La tatu ni miti na nyumba. Mnapanda mistari ya miti ili kukinga mashamba, nanyi mmejifunza kwamba kinga hiyo hufika mbali: mara 10 hata mara 20 ya urefu wa mti. Mti wa mita 15 huvuruga upepo mpaka mita 150 au 300 mbele yake. Jambo hilo ni jema kwa pojo na mbaazi. Kwa eropleni ni baya, kwa maana upepo ulio nyuma ya miti ni wa vipande-vipande, na rubani hufika katika vipande hivyo wakati ambapo yuko chini kabisa na mwendo wake ni mdogo kabisa.

La nne ndilo la kuogopwa zaidi, nalo ni wingu la mvua. Kabla ya mvua ya Novemba au ya Aprili kufika, mmesikia upepo wa baridi ukija kwa kishindo, wenye harufu ya udongo uliolowa. Upepo huo ni hewa baridi iliyoanguka kutoka winguni, ikapiga ardhi na kutawanyika pande zote. Waweza kutangulia mvua kwa kilomita 10 au zaidi, na kugeuza upepo wa kiwanja kutoka upande mmoja hata upande mwingine kwa dakika moja au mbili. Rubani mwenye akili akiliona wingu hilo karibu na kiwanja, hatui. Hungoja mbali mpaka lipite, au huenda kiwanja kingine.

UPEPO WA MAPIGO

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Upepo wenye nguvu lakini uliotulia haumsumbui sana rubani. Kinachomsumbua ni upepo wa mapigo, yaani ule unaovuma kwa nguvu ghafula, kisha ukalegea, kisha ukapiga tena.

Rudini kwenye hesabu yetu. Rubani anakuja kwa mwendo wa 110 hewani, na upepo wa mbele ni 40. Ghafula upepo unalegea mpaka 25. Eropleni ni kitu kizito, haiwezi kuongeza mwendo mara moja. Mwendo wa hewa juu ya mabawa unaanguka papo hapo kutoka 110 mpaka 95. Zimebaki 10 tu kabla ya mabawa kuacha kuinua. Upepo ungelegea zaidi kidogo, eropleni ingeanguka kama gunia, na ardhi i karibu.

Rubani hujilinda kwa njia hii. Huangalia tofauti kati ya upepo wa kawaida na pigo lenye nguvu, huigawa tofauti hiyo mara mbili, na huongeza nusu moja juu ya mwendo wake. Upepo ukiwa 20 na mapigo ni 40, tofauti ni 20, na nusu yake ni 10. Basi atakuja kwa mwendo wa 120 badala ya 110. Pia katika upepo wa mapigo hateremshi sana vile vibao vilivyo nyuma ya mabawa, ambavyo kwa kawaida humsaidia kushuka polepole. Eropleni yenye vibao vilivyoteremka sana huyumbishwa zaidi na upepo.

Lakini akiba hiyo ina bei yake. Mwendo zaidi hewani ni mwendo zaidi ardhini, na mwendo zaidi ardhini ni nafasi zaidi ya kusimama. Tena nchi yetu ni ya juu na ya joto. Mji wa Kitui uko karibu mita 1,150 juu ya bahari. Mchana wa joto la nyuzi 30, hewa yake huwa nyepesi kama hewa ya mahali penye urefu wa karibu mita 1,900. Katika hewa nyepesi kama hiyo eropleni hukimbia karibu sehemu moja katika kumi zaidi ya mwendo unaoonyeshwa na saa yake ya mwendo, na injini za kawaida hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo mita 100 za mwisho wa kiwanja, ambazo watu huziona hazina kazi na kutaka kuzipanda mahindi, ndizo akiba ya rubani siku ya upepo wa mapigo.

UPEPO WA UBAVUNI

Kiwanja kimelala upande mmoja, lakini upepo haukubali kufuata kiwanja. Mara nyingi huja kwa ubavu. Rubani ana njia mbili za kushindana nao. Njia ya kwanza ni kuielekeza pua ya eropleni kidogo upande unakotoka upepo, na kusogea kwa ubavu-ubavu, kama kaa anavyotembea ufukoni, ili asisukumwe nje ya mstari. Ndiyo maana mwaweza kuiona eropleni ikija huku imetazama pembeni, haikukosea njia. Njia ya pili ni kuliinamisha bawa lililo upande wa upepo, huku akiinyosha pua kwa usukani wa mkia. Marubani wengi huanza kwa njia ya kwanza wakiwa mbali, na kumaliza kwa ya pili karibu na ardhi, ili gurudumu la upande wa upepo liguse kwanza, kisha la pili, kisha la mwisho.

Kuna kipimo katika jambo hili. Kwa ile Cessna 172 tuliyoitaja, watengenezaji walionyesha kutua katika upepo wa ubavuni wa kilomita 28 kwa saa. Upepo ukija wa mshazari, sehemu yake tu ndiyo inayosukuma kwa ubavu. Lakini upepo unaogeuka-geuka waweza kuwa wa mshazari sasa, na baada ya kupumua mara tatu ukawa wa ubavuni kabisa.

Tena kazi haiishi magurudumu yakigusa. Upepo hushika mkia wa eropleni na kutaka kuigeuza pua ielekee upepo, kama jogoo wa bati juu ya paa anavyogeuka. Eropleni zenye gurudumu dogo nyuma, kama zile Super Cub zinazotumika sana kulinda wanyama, hugeuzwa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo rubani huendelea kushika usukani kwa nguvu mpaka eropleni imesimama kabisa.

KWA NINI HUPANDA TENA

Mpaka hapa mmeona kwamba mambo mengi yaweza kuharibika katika nusu dakika ya mwisho. Rubani aliyefundishwa vizuri hufanya shauri lake mapema. Hujiambia moyoni, "Nikifika pale penye mbuyu na sijanyooka, nitapanda. Nikigusa nje ya theluthi ya kwanza ya kiwanja, nitapanda. Pigo likinirusha, nitapanda." Hangoji kuona kama bahati itamsaidia, kwa sababu katika joto letu eropleni hupanda polepole, na anayechelewa kukata shauri hukuta miti mbele yake.

Kupanda tena ni kazi ya ufundi. Rubani huipa injini nguvu zote, huinyosha eropleni ipate mwendo, kisha huviinua vile vibao kidogo kidogo. Akiviinua vyote kwa pamoja, eropleni yaweza kuzama chini.

Basi mkiiona eropleni inapanda mara ya kwanza, na hata mara ya pili, jueni kwamba rubani anafanya kazi yake sawasawa. Mwacheni azunguke. Wasiwepo watu wa kumpungia shuka na kumwita ashuke. Wasimpigie simu kumwambia kwamba mgonjwa yu mahututi, aharakishe. Anajua kwamba kuna mgonjwa. Ndiyo sababu amekuja. Rubani anayelazimishwa na huruma huacha kutazama upepo, na eropleni iliyovunjika haimfikishi mgonjwa hospitali. Badala ya mgonjwa mmoja, tutakuwa nao wawili au watatu.

Na kama akienda zake kungoja katika kiwanja kingine, mwekeni mgonjwa tayari kwa alfajiri ya pili, au tafuteni motokaa wakati huo huo. Mwenye busara hutengeneza njia mbili.

KAZI YETU SISI WA CHINI

Wazee wa skimu ya Makueni walifyeka vichaka katika miaka ya 1940 na 1950 ili kumfukuza mbung'o. Kutunza kiwanja cha eropleni ni kazi ndogo kuliko ile. Yafaa kamati ya kiwanja, pamoja na chifu na wazee wa mtaa, waangalie mambo haya:

1. Urefu wote wa kiwanja uwe wazi. Msilime mwisho wake, wala msijenge boma la ng'ombe karibu na kingo zake.

2. Vichuguu vivunjwe na mashimo ya muhanga yafukiwe kwa udongo ulioshindiliwa. Baada ya kila mvua kubwa, mtu mmoja atembee kiwanja chote kutazama mifereji iliyochimbwa na maji. Matuta ya shamba lililo juu ya kiwanja yatengenezwe, ili maji yasikimbilie kiwanjani.

3. Miti iliyo katika njia ya kushukia, pande zote mbili za mwisho, ikatwe au ipunguzwe. Mkipanda mistari ya miti ya kukinga upepo, ipandeni mbali na kiwanja. Kumbukeni hesabu ya mara 10 na mara 20.

4. Mfuko wa upepo uwekwe juu ya mlingoti, mahali pasipokingwa na mti wala nyumba, na mtu mmoja achaguliwe kuutunza. Uwe wa rangi inayoonekana kwa mbali, kama nyekundu ya machungwa na nyeupe. Mfuko uliopasuka au uliojisokota mlingotini ni mbaya kuliko kutokuwa na mfuko, kwa sababu unasema uongo. Nyuzi zake zikichakaa, ushoneni au mwagizeni mwingine.

5. Kama hakuna mfuko, washeni moto mdogo wa majani mabichi kando ya kiwanja, upande ambao moshi hautapita juu ya njia ya kutulia. Rubani atasoma moshi. Ndoo za maji ziwe karibu. Siku hiyo mtu asichome kichaka po pote karibu na hapo.

6. Ng'ombe, mbuzi, punda na mbwa waondolewe nusu saa kabla. Watoto wakae pamoja na mtu mzima mmoja anayewasimamia.

7. Watu wote wasimame mahali pamoja, hatua 100 au zaidi kutoka ukingoni. Hewani eropleni husukumwa kufuata upepo. Ardhini hugeuza pua kuelekea upepo. Kwa hiyo hakuna upande ulio salama karibu na ukingo. Mwisho wa kiwanja ndio mahali pabaya kupita pote.

8. Eropleni ikisimama, mtu asiikaribie mpaka panga la mbele limeacha kuzunguka na rubani mwenyewe amewaita. Panga linalozunguka kwa nguvu halionekani kwa macho.

KUPELEKA HABARI YA UPEPO

Mara nyingi rubani au ofisi yake huuliza kwa simu, "Upepo huko ukoje?" Jibu la "Upo kidogo tu" halimsaidii. Jifunzeni kujibu hivi.

Kwanza, semeni upepo unatoka wapi, siyo unakwenda wapi. Upepo wa mashariki ni ule utokao mashariki. Wengi hugeuza jambo hili, na kulikosea ni kumtuma rubani atue na upepo mgongoni. Chukua vumbi kavu mkononi, lidondoshe, kisha geuka ulikabili upepo. Unakotazama ndiko unakotoka.

Pili, semeni nguvu yake. Miti ndiyo kipimo chenu. Majani na vitawi vikitikisika bila kupumzika, upepo ni kilomita 12 mpaka 19 kwa saa. Vumbi na karatasi vikipeperuka na matawi madogo yakisogea, ni 20 mpaka 28. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, ni 29 mpaka 38. Matawi makubwa yakiyumba, ni 39 mpaka 49.

Tatu, semeni kama umetulia au ni wa mapigo. Utazameni kwa muda wa dakika tano, siyo kwa kuchungulia mlangoni. Je, unageuka? Kutoka wapi mpaka wapi? Kuna visulisuli?

Nne, semeni habari ya mawingu: kama liko wingu jeusi, liko upande gani, na kama radi inasikika.

Kwa mfano: "Upepo unatoka kusini mashariki, unatikisa matawi madogo, lakini kila dakika moja au mbili hupiga mpaka miti midogo inayumba. Wingu jeusi liko upande wa Mutomo, radi inasikika. Kiwanja ni kikavu, ng'ombe wameondolewa." Maneno hayo machache yana faida kwa rubani kuliko shukrani nyingi. Na habari zikibadilika baada ya simu, pigeni tena.

Mwisho, kama mambo yanaweza kungoja, itieni eropleni asubuhi. Kutoka kupambazuka mpaka kama saa tatu na nusu, hewa ya nchi yetu kwa kawaida imetulia, jua halijaanza kuichemsha, na joto ni kidogo. Hata wanyunyizaji wa dawa ya nzige hupenda saa hizo, kwa kuwa nzige bado wamelala juu ya miti na dawa haipeperushwi ovyo. Mtu aliyezidiwa na ugonjwa usiku ahesabiwe kwa eropleni ya alfajiri, siyo ya saa nane mchana. Wito upelekwe usiku ule ule, usingojee mkutano wa asubuhi.

Kamati zilizo na kiwanja, kuanzia Ithookwe mpaka Makindu na vile vidogo vya vijijini, zisingoje siku ya taabu. Jumamosi ijayo yatosha kwa kazi ya kwanza: kupima kiwanja kwa hatua, kufukia mashimo, na kuutazama mfuko wa upepo kama bado unasema kweli.